Nilivyong'oa Mlango wa Mjane

Mpendwa mama Adolphine wa gazeti letu, naomba msaada, na kama unataka kucheka, cheka kwanza, maliza, kisha unisaidie, maana mtaa mzima wa Kenya umekwisha kucheka na mimi mwenyewe nimecheka nao, isipokuwa mtu mmoja tu ambaye hakucheka, na huyo ndiye ninayetaka kumwoa.

Mimi ni seremala, nina miaka arobaini na mitatu, ninakaa mtaa wa Kamalondo na atelier yangu, karakana, iko nyuma ya nyumba. Wazazi wangu walitoka kaskazini, baba alikuja kwa kazi ya reli, mimi nikabatizwa hapa hapa, naenda misa, sinywi sana, na kama ungenipitia leo asubuhi ukaniona napiga randa polepole nimevaa koti la baridi, ungesema huyu ni mtu wa maana, tena wa kuchosha kidogo. Hivyo ndivyo nilivyo siku nyingi za mwaka. Shida yangu ni zile siku nyingine.

Mara moja kwa mwaka, pengine mbili, kitu kinaniinua. Si pombe, si dawa ya mtu. Naamka tu siku moja na bukari ya jana, ugali uliolala, imekuwa tamu, jogoo wa jirani anawika vizuri kuliko kwaya ya parokia, natoka nje kumsifu jogoo, usingizi wa saa tatu unanitosha, kisha wa saa mbili, wala sichoki, mikono inakwenda mbio kuliko msumeno, maneno yanakuja yamejipanga mstari kama askari, watu wanacheka, wateja wanaongezeka, na mimi naona wazi kabisa, mama, kwamba siku Mungu alipogawa akili aliteleza, akamwaga debe zima juu ya kichwa changu. Katika siku za namna hiyo, mwaka juzi, niliitengenezea parokia yetu mimbari ambayo hakuna aliyeiagiza, yenye ngazi tano na simba wawili wa kuchonga. Padre alinishukuru kwa moyo, akaipanda Jumapili, akahubiri mwanzo mpaka mwisho shingo ikiwa upande kwa sababu ya boriti ya paa. Sasa iko stoo ya misheni, kuku wanatagia humo. Nasikia wanaipenda.

Marehemu mke wangu, Constance, aliujua ugonjwa huu kuliko mimi mwenyewe, ingawa hakuupa jina. Akinisikia namsifu jogoo, anaacha alichoshika, ananitazama, anasema: "Adalbert, unaanza." Basi. Halafu ananiwekea kapu la maharagwe nichambue, na hakuna patasi wala mteja mpaka yameisha, na saa ya kulala ikifika ananiambia lala, kama hulali funga macho tu, usinisimulie. Nilikasirika sana, lakini nilichambua. Constance alikufa miaka minne iliyopita, na tangu hapo hakuna wa kuniambia kwamba naanza, kwa hiyo naanza na kuendelea.

Sasa nakuja kwa mama Clotilde. Ni mjane, mtu wa Kasai, amesoma kwa masista, anauza sabuni na mafuta ya ngazi, yaani mawese, sokoni Kenya. Mwisho wa mwezi wa nne aliniletea kiti chenye mguu mmoja uliovunjika. Nilimrudishia kiti chenye miguu mipya minne na mgongo ambao hakikuwa nao, na hapo mtu mwenye akili angejua naanza, lakini mama Clotilde alicheka, anacheka huku akificha mdomo kwa ncha ya kitambaa, na mimi nikaona nimezaliwa ili kumfanya afanye hivyo tena. Nikawa naenda sokoni mara nne kwa siku. Kila nikienda nanunua sabuni, kwa aibu ya kusimama bure, mpaka leo ukiingia nyumbani kwangu utadhani kuna watu kumi wanafua.

Katikati ya mwezi wa sita nilijenga kabati. Nililijenga kwa siku sita, mbao za mulombwa tupu, milango mitatu, droo kumi na nne, moja ya siri ambayo nimeisahau iko wapi, na juu ndege wawili wanaotazamana. Nilipima kila droo. Sikupima nyumba yake. Jumamosi adhuhuri nikamwita rafiki yangu Alphonse mwenye pusupusu, ule mkokoteni wake wa kusukuma kwa mikono, tukalifunga kamba, tukatoka Kamalondo kwenda Kenya tunaimba, na kila kona nilisimama nikahutubia. Hakuna aliyeniomba kuhutubia. Tulipofika, nyuma yetu kulikuwa na watu kama wa maandamano ya Sakramenti.

"Mama Clotilde! Toka uone!"

Akatoka, mikono yake ina unga. "Baba Adalbert, hii ni nini?"

"Ni kabati, na mwenye kabati. Utuchukue wote wawili!"

Akatazama watu, akatazama chini, akasema polepole: "Tutaongea." Naapa, mama, masikio yangu yalisikia "ndiyo." Nikageuka nikapiga kelele, "Amekubali!" na wanawake wakapiga vigelegele, na mama Clotilde akabaki pale na unga wake.

Kabati halikuingia. Alphonse alijaribu kwa mbele, akajaribu kwa ubavu, akafuta jasho. "Ndugu, haiingie. Turudishe."

"Kabati haina makosa," nikamwambia. "Mulango njo iko mudogo."

Sitembei bila patasi na nyundo. Nikang'oa mlango. Nikang'oa miimo. Nikaondoa na matofali mstari mmoja kwa juu, nikisimulia watu namna ninavyofanya, kama mwalimu. Ndipo kabati likaingia nusu, likakwama, haliendi mbele wala nyuma, na mama Clotilde, ambaye alikuwa na chungu motoni, akazunguka nyumba yake mwenyewe, akapanda kiti, kiti kile kile cha miguu minne, akaingia kwa dirisha mbele ya watu wote. Hata hapo niliona ni jambo la kupendeza. Jua linashuka ndipo tulipolitoa kabati, tukaliacha uani, nikamwambia kesho asubuhi nakuja na mlango mkubwa zaidi.

Kesho asubuhi sikuwepo. Niliamka na kile kitu kimeondoka, kama mtu aliyekuja kuchukua taa yake. Mwili ulikuwa mzito kama chuma cha reli. Nikageukia ukuta, na kila nilipokumbuka neno moja nililosema barabarani nilivuta blanketi juu ya kichwa, na maneno yalikuwa mengi, kwa hiyo nilivuta blanketi siku kumi na moja. Sikutuma mtu. Siku kumi na moja, mama, katika baridi ya mwezi wa sita, yule mjane alilala nyuma ya kitenge alichokitundika pale penye tundu, na mchi wa kutwangia kando ya kitanda kwa ajili ya wezi. Mimi sikujua habari ya mchi. Nilijua habari ya tundu.

Dada yangu mkubwa, yaya Wivine, alisikia habari sokoni. Akaja, akavuta blanketi. "Simama. Kuko muntu analala bila mulango juu yako."

Nikasimama. Nikaenda. Nikapima mara tatu. Nikajenga upya matofali, miimo, mlango, bawaba za shaba, na mlango ule ni mzuri, unafunga bila sauti, lakini hauna ndege wala simba. Mama Clotilde akanipa chai. Hakucheka hata kidogo. Nikamwambia nilikuwa na malaria.

"Malaria," akasema. "Siku kumi na moja."

"Ilikuwa kali sana."

Nilipokuwa nafunga sanduku la vyombo, akaja akasimama mbele yangu. "Baba Adalbert, nauliza kintu kimoja tu. Muntu mwenye aliniomba pale mbele ya bantu, ni weye huyu, ao ni ule mwingine? Juu ule mwingine alinichekesha, lakini alibomoa nyumba yangu. Na weye uko mupole, lakini sikuyue weye ni nani."

Ningeweza kusema mambo mengi. Nikasema bawaba zinahitaji mafuta, nitaleta. Ndivyo nilivyojibu, mama, mwanaume wa miaka arobaini na mitatu, aliyehutubia kila kona ya Kamalondo.

Sasa kaka yake mkubwa, Léonard, anakuja kwa treni kutoka Kasai katikati ya mwezi wa nane, na mama Clotilde ameniambia naweza kufika kusema naye. Hajasema zaidi ya hapo. Na wewe unajua, kwao kama kwetu, kabla ya neno lolote la mahari wanauliza: katika ukoo wenu kuna ugonjwa gani? Alphonse anasema ninyamaze, mwanamke akisikia habari ya kichwa anakimbia, nioe kwanza, mengine atayaona akiwa ndani. Yaya Wivine anasema nisipolisema mimi atalisema yeye. Mimi naogopa pande zote mbili. Na kuna jambo la tatu sijamwambia mtu: nafikiri yule aliyemchekesha ndiye anayemtaka. Huyu wa siku zote alimletea mlango tu. Nikipona kabisa, atabakia nani wa kuolewa naye? Tena, nisiposema uongo, hata mimi yule bwana namkosa akiondoka. Kazi zangu zote zilizosifiwa ni za mikono yake. Wakati mwingine najituliza nikisema, akishakuwa mke wangu atajifunza kuniambia "unaanza" kama Constance, na mambo yatanyooka.

Je, niseme? Nikisema, niseme namna gani? Na kile alichoniuliza, nimjibu nini? Usiandike jina langu.

Ni mimi, seremala wa Kamalondo.

JIBU

Baba Adalbert, jina lako nimeliacha kwa ruhusa yako, na wasomaji wataona chini kwa nini. Barua yako ilikuwa kurasa kumi na nne, nimeikata. Lile wazo la kujenga nyumba za mbao za kukunjwa nimelitoa lote. Kurasa tatu za mwisho umeandika mpaka pembeni na ukageuza karatasi ukaandika juu ya maandishi. Sikusemi vibaya, nakuambia nilichokiona: leo hii nenda kwa dada yako akutazame usoni, huenda unaanza.

Nilicheka, ndiyo, ulinipa ruhusa. Nilicheka mpaka nilipofika habari ya dirisha. Mama Clotilde alipopanda kile kiti niliacha kucheka.

Ulichonacho ni ugonjwa. Nimefanya kazi ya ukunga miaka kumi na tisa, nimeuona kwa wanaume na kwa wanawake, na nilimwuliza infirmier mmoja, muuguzi ninayemwamini, kabla ya kukujibu. Anasema madaktari wanaujua, wanauita kwa jina refu la Kifaransa, mtu anapanda kisha anashuka, na hakuna aliyemroga. Sindano ya kuuondoa hana. Lakini anajua watu wanaoishi nao, wanafanya kazi, wanazeeka kwao. Nenda dispensaire, kwenye zahanati, umwambie infirmier yote uliyoniambia, ila kwa ufupi.

Kuugua si kosa. Kumwacha mwanamke siku kumi na moja bila mlango, na wewe hukuweza kumtuma hata mtoto wa jirani aseme "fundi ameanguka," hilo ni kosa, na malaria uliyoibandika juu yake ni kosa la pili. Hukudanganya kwa sababu ya ugonjwa. Ulidanganya ukiwa mzima, unakunywa chai yake.

Unasema kazi zako nzuri ni za yule mwingine. Ati! Mimbari inayovunja shingo ya padre, kabati lisiloingia nyumbani. Fundi asiyepima ni fundi gani? Niliulizia kazi zako za siku za kawaida. Mama mmoja wa Kamalondo ana meza yako ya mwaka wa harusi yake, watoto sita wamekulia juu yake, haitikisiki. Hakuna aliyekuja kuihutubia, basi umeisahau.

Na sasa nakugombeza kwa nguvu zaidi, shikilia kiti. Unataka kumwoa mama Clotilde ili akuambie "unaanza." Yule ana soko lake, ana huzuni yake ya ujane, unataka kumpa na ulinzi? Constance aliifanya kazi hiyo kwa upendo, Mungu amlaze pema, lakini ulimwuliza hata mara moja kama amechoka? Kazi hiyo mpe dada yako, na Alphonse pia, aliyesukuma kabati wakati angeweza kukushika mkono. Mmoja wao akisema "unaanza," hubishani. Siku hiyo hiyo patasi na msumeno vinalala kwa Wivine. Unafanya kazi iliyoagizwa tu, unakula saa ya kula, unalala saa ya kulala hata kama macho yamekataa, hugusi pombe, na humwahidi mtu kitu mbele ya watu. Wazo likija zuri, liache siku saba. Likiwa zuri kweli litakungoja. Na siku ukishuka, usigeukie ukuta kabla hujatuma mtu kwa wale wanaokutegemea. Neno moja linatosha.

Kuhusu kaka mtu: utasema. Alphonse anakushauri umfungie mwanamke ndani kisha umwonyeshe moto. Lakini usingoje kaka afike. Mwambie mama Clotilde mwenyewe kwanza, mchana, mmekaa, dada yako akiwepo. Usibebe zawadi. Usibebe ubao wowote. Mwambie ugonjwa, mwambie malaria ilikuwa uongo, mwambie ulijua hana mlango na hukutuma mtu. Sentensi kumi zinakutosha. Ukimaliza, nyamaza, najua kwako hiyo ni kazi kubwa kuliko kujenga ukuta.

Alikuuliza nani aliyemwomba. Ni wewe. Ungekuwa ni ugonjwa peke yake, hamu ya kumwoa ingeondoka na ile taa. Ulilala siku kumi na moja, ukaamka, hakuna kilichokuinua, baridi ikakupiga, na bado ulimtaka. Mwambie hivyo. Na usimfanyie hesabu ni yupi kati yenu anayemtaka, mwulize, ana mdomo.

Neno kwa wasomaji kabla ya kuchapa. Jibu hili nilimpelekea baba Adalbert kwa mkono wiki mbili zilizopita, kwa sababu jina naweza kulificha, lakini kabati lile nitalificha wapi? Na mama Clotilde anasoma gazeti hili. Haikufaa asome hapa kitu ambacho hajakisikia kwa mdomo wa mwenyewe. Sasa baba Adalbert ameniletea majibu, karatasi moja, na ruhusa ya kuandika majina, maana anasema Kenya yote inamjua tayari.

Walikutana Jumapili kwa Wivine. Anasema sentensi zilikuwa kumi na tisa, dada yake alihesabu kwa vidole. Mama Clotilde akauliza: "Inaumaka?"

"Kupanda, hapana. Kushuka, ndiyo."

"Ile malaria sikuiamini hata siku moya," akasema. Halafu akamwambia kwamba kaka Léonard atakuja kama ilivyopangwa, na yeye Adalbert atamwambia kaka maneno yale yale, asipunguze. "Na miye nitakungoya mwaka muzima. Nataka nikuone unapanda, nikuone unashuka, miye nikiwa kwangu na weye kwako. Kisha tutaongea."

Safari hii, anasema, alisikia "tutaongea" kama lilivyosemwa. Alimshukuru, akarudi nyumbani kwa miguu, na ananiuliza kwa mstari mmoja wa mwisho kama hiyo ilikuwa namna ya upole ya kusema hapana.

Baba Adalbert, rudi kazini. Mwanamke anayetaka kukataa haombi mwaka mzima.